Je, ni halali mtu kujizushia kifo ili watu wakapime saratani?

Mwalimu wa Baiolojia aliuliza:

Wanajukwaa, habari zenu. Klabu ya afya ya shule ninayofundisha imeniomba tujadili kisa cha Poonam Pandey, mwigizaji wa India. Ijumaa ya tarehe 2 Februari 2024 ukurasa wake wa Instagram ulitangaza kwamba amefariki dunia kwa saratani ya mlango wa kizazi. Rambirambi zikamiminika, vyombo vya habari vikaandika tanzia, na kesho yake akajitokeza kwenye video akisema yu hai na kwamba alikusudia watu waufahamu ugonjwa huo. Wanafunzi wamegawanyika. Wapo wanaousamehe uongo huo kwa kuwa ugonjwa wenyewe huua zaidi ya wanawake 75,000 kwa mwaka nchini India pekee, na wapo wanaosema msiba haufanyiwi mzaha. Naomba hoja zinazokwenda mbali kuliko adabu, maana hiyo tumekwisha kuizungumza vya kutosha.

Muuguzi wa Afya ya Uzazi alijibu:

Mwalimu, kinachonikera mimi ni kwamba uongo ule ulifundisha jambo lisilo la kweli kuhusu ugonjwa. Siku chache kabla ya tangazo mashabiki walikuwa wamemwona kwenye video akiwa mzima wa afya, kwa hiyo aliyeamini alibaki na picha ya maradhi yanayomkumba mtu leo na kumzika kesho. Hali halisi ni kinyume chake: kwa kawaida maambukizi ya virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani, na kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda huo mrefu ndio unaotupa nafasi ya kufanya kazi. Mwanamke akija kupima, tunapaka siki ya kipimo maalumu kwenye mlango wa kizazi, tunasubiri kama dakika moja, na sehemu iliyoanza kubadilika huonekana nyeupe; mara nyingi hugandishwa au kuchomwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa saratani. Wanaoogopa kupima huniambia, "Nikikutwa nayo, ndiyo basi tena," na kisa hicho kinawapa ushahidi wa hofu yao.

Jingine ni kwamba chanjo ya HPV, ambayo Tanzania imekuwa ikiwapa wasichana nchi nzima tangu 2018, inaandamwa na uvumi kwamba inafunga kizazi. Nikimsihi mzazi asiamini kila anachotumiwa kwenye simu, sipendi awe na mfano wa kunionyesha kwamba hata watu wa upande wetu wanazusha.

Mdau wa Matangazo alijibu:

Dada muuguzi amenena, ila tusifanye mambo ya samaki mmoja akioza wote wameoza. Mwaka 2016 nchini Ufaransa, Addict Aide, wanaoshughulikia uraibu, pamoja na wakala wa matangazo BETC, walimbuni Louise Delage, msichana wa Paris mwenye umri wa miaka 25, wakamfungulia ukurasa wa Instagram. Yuko kwenye boti, yuko ufukweni, yuko mezani na marafiki, kila mara akipendeza. Maelfu ya watu walimfuata ndani ya wiki chache, na ni wachache mno waliogundua kwamba karibu kila picha ilikuwa na glasi au chupa ya pombe, mpaka video ya mwisho ilipowafunulia. Hapo udanganyifu ulifanana na ugonjwa wenyewe, kwani mraibu wa pombe huweza kukaa mbele ya macho ya rafiki zake vivyo hivyo, wakimsifia mavazi. Isitoshe, hakuna aliyelizwa.

Mwenye Shaka alijibu:

Mimi nauliza tunahesabu nini. Wakala aliyeshiriki katika kisa cha Pandey aliomba radhi, lakini papo hapo akajitetea kwa wingi wa watu waliolitafuta jina la ugonjwa mtandaoni, na kutafuta neno kwenye simu si kwenda kliniki. Linganisheni na Uholanzi, ingawa huko ilikuwa televisheni: tarehe 1 Juni 2007 kituo cha BNN kilionyesha mwanamke aliyedaiwa kuwa mahututi akichagua nani apewe figo yake kati ya wagonjwa watatu, kisha ikafichuliwa kwamba yeye ni mwigizaji. Wagonjwa wale walikuwa wagonjwa kweli, wanajua mpango wote, na wameukubali. Takriban watu 50,000 waliomba fomu za kuchangia viungo. Kufikia mwanzoni mwa Julai waliokuwa wamejiandikisha ni kama 7,300. Idadi hiyo ya pili ndiyo ninayoiheshimu.

Mwalimu wa Baiolojia alijibu:

Nawashukuru nyote. Ijumaa nitawaonyesha wanafunzi picha za Louise bila kuwaambia lolote na kuona ni wangapi wataitambua chupa, kisha ndipo tuingie kwenye kisa cha India tukianza na ile miaka 15. Dada muuguzi, je, utaratibu wenu unaruhusu wasichana wa klabu kuja kliniki na mama zao siku ya upimaji?

Muuguzi wa Afya ya Uzazi alijibu:

Unaruhusu, Mwalimu. Akina mama wapimwe, na wasichana waje na kadi zao za chanjo tuziangalie.