Naomba ushauri: mama ameondoka, maombi yangu yamekauka. Niendelee kuongoza kikundi?

Binti wa Mwisho (mleta mada)

Shalom wapendwa. Nimesita sana kuandika haya, lakini sina pengine pa kuyasemea bila kuzua maneno.

Kwa miaka kadhaa nilimuuguza mama. Alipata kiharusi kikampoozesha upande mmoja, na kati ya watoto wake mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Kilikuwa kipindi kigumu, ila naomba mnielewe nikisema kiimani sijawahi kuwa na kipindi kinono kama kile. Saa nne usiku simu inalia kunikumbusha dawa ya mwisho. Namwinua, namwekea mto mgongoni, anameza, namfuta mdomo. Kisha nasoma zaburi moja kwa sauti, na yeye anamalizia mistari anayoijua. Maneno mengi yalikuwa yamemshinda kutamka, lakini "Amina" haikumshinda kamwe. Mungu alikuwa karibu mno katika chumba kile. Hata nilipochoka hadi machozi, nilijua nachokea mbele ya nani.

Mama alilala katika Bwana mwaka jana. Kanisa lilisimama nami, sina lawama kwa mtu. Watu walipotawanyika ndipo lilipoanza hili. Sijaacha ibada. Sitilii shaka kwamba Mungu yupo. Sina hasira. Ila nikipiga magoti, hakuna kitu. Maneno yanatoka, mwenyewe simo. Wakati mwingine nawaza kwamba imani yangu ilikuwa na kazi ya kufanya, na sasa kazi imekwisha.

Kinachonileta hapa ni hiki. Naongoza kikundi cha maombi cha akina mama. Juzi binti mmoja aliniomba nimwombee mama yake anayeumwa. Nikamwekea mkono begani, nikaomba maneno mazuri, wote wakasema Amina, nikatoka pale nikijiona mnafiki. Mchungaji hajui. Je, nijiuzulu? Au niendelee hadi moto urudi? Na kama kuna aliyepita majira ya namna hii, alishika nini? Msiniwekee mistari mitupu jamani, mistari ninayo.

Nanga

Pole sana dada. Mimi nasema usijiuzulu.

Mnafiki ni yule anayejifanya kuwa asichokuwa ili apate sifa. Wewe uliombwa msaada ukautoa ukiwa huna kitu mkononi. Na yale maombi hayakufika kwa Mungu kwa nguvu ya hisia zako, kwa hiyo usiyafute kwa sababu hukusisimka. Maneno yako yakikuishia, tumia ya wengine. Zaburi zipo 150 na zilitungwa zisemwe na watu walio katika hali zote, wenye furaha na waliokata tamaa. Fungua moja mbele ya kikundi, isome polepole, ndiyo sala yenu ya siku hiyo. Wala hakuna atakayeona umepungukiwa.

Mlinzi wa Zamu ya Tatu

Dada yangu, nitasema tofauti na hao watakaokupoza, usinichukie. Ukame wa maombi mara nyingi una chanzo. Umeandika "sina hasira" bila mtu kukuuliza. Ulipokuwa unamuuguza mama, uliomba apone? Kama uliomba, na hakupona, hilo umelizungumza na Mungu au umelipita kimya kimya kama mtoto mwenye adabu? Na ndugu zako waliokuachia mzigo peke yako, nao je? Nakushauri utenge siku, ufunge, ujichunguze. Palipoziba ndipo pa kuanzia.

Muuguzi

Kuhusu kufunga naomba niingilie. Dada, unakula? Unalala? Nauliza kwa sababu nimeona wengi waliouguza mtu kwa muda mrefu. Mwili unazoea kuamka usiku, kusikiliza pumzi ya mwingine, kuahirisha njaa yake. Mgonjwa akishaondoka, uchovu wote uliokuwa umeahirishwa unadai haki yake kwa pamoja. Mtu anaamka amechoka, hana hamu ya chochote, hata vitu alivyovipenda. Sala nayo huguswa, maana anayeomba ni mtu mwenye mwili. Hali ikiendelea, usingizi ukikataa, au ukianza kuona heri usingekuwepo, nenda kwa daktari na umwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo. Kwenda hospitali hakukupunguzii imani.

Msome tena Eliya, 1 Wafalme 19. Anashinda pale Karmeli, kisha anatishiwa maisha, anakimbilia jangwani, anajitupa chini ya mretemu na kuomba afe. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji. Analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Ni baada ya hapo ndipo anapewa nguvu ya safari ya siku 40 hadi Horebu, na ni huko ndipo Mungu anapomuuliza, "Unafanya nini hapa, Eliya?" Maswali yalisubiri hadi nabii ale na alale. Kwa hiyo kujichunguza kupo, kaka Mlinzi hajakosea, ila kwa utaratibu huo.

Binti wa Mwisho (mleta mada)

Asanteni. Usingizi wangu si mzuri, nitaenda kupima.

Mlinzi, umegusa penyewe. Nina daftari. Nilikuwa naandika tarehe na nilichoomba. Kurasa za mwanzo karibu zote zimeandikwa jambo moja: Bwana, mrudishie mama mkono wake wa kulia. Halafu kidogo kidogo nikaacha kuuandika huo mkono, nikawa naandika apate usiku mtulivu tu. Sikumbuki niliacha lini wala sikumwambia Mungu kwa nini nimeacha. Nimelifungua jana usiku baada ya kusoma ujumbe wako. Nimelia kilio ambacho hata msibani sikulia. Hasira ipo. Sasa naogopa: mtu aliye na hasira na Mungu anaombaje?

Mzee Mstaafu

Anaomba hivyo hivyo na hasira yake, binti yangu.

Umesema mistari unayo, basi sikupi mstari, nakupa sura nzima: Zaburi 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mahali fulani, mtu analia kisha anaanza kusifu. Hii haigeuki. Inaanza na kilio cha mchana na usiku na inaishia gizani, hakuna "lakini" ya kuituliza. Nilipofiwa na mke wangu niliisoma hiyo kwa miezi, maana nyingine zote zilikuwa zinanikimbiza nifike kwenye furaha ambayo sikuwa nayo. Angalia anasema na nani mtu huyu. Anamwambia Mungu mwenyewe, usoni: umenilaza katika shimo, umewatenga rafiki zangu nami. Hajaondoka kwenda kumsemea pembeni. Na Israeli waliiweka katika kitabu chao cha ibada. Waliona inafaa kusemwa hekaluni.

La mkono wa mama usilifanye dogo. Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, haukutoka. Bwana wetu katika Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akarudia, na hakikumwepuka. Ukiomba ukakosa, umesimama mahali ambapo Yesu mwenyewe alisimama. Mimi sina maelezo ya kwa nini mmoja anaponywa na mwingine hapana, na nimekuwa mwangalifu na wenye maelezo tangu nilipozika. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hiyo ndiyo ilikuwa huduma yao bora. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu.

Sasa kuhusu "moto urudi". Hapo ndipo napenda nikae kidogo. Unatafuta Mungu awe karibu nawe jinsi alivyokuwa katika kile chumba, saa ile, na mama akiitikia Amina. Ule ukaribu ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na umbo la kazi ile na mtu yule. Nilipostaafu ualimu lilinipata kitu kinachofanana na hicho: asubuhi zote za maisha yangu niliomba kwa ajili ya darasa, na ghafla darasa halikuwepo. Nilijaribu kuomba sala zilezile nikachoka. Ilibidi nijifunze kuwa mbele za Mungu bila kuwa na la kumfanyia. Ni vigumu sana kwa watu waliozoea kutumika, na naona wewe ni mmoja wao.

Na isikutishe ikichukua muda. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa hakuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuwahudumia maskini wa Kolkata na kuamka kusali kila siku. Waliokuwa wakimwona hawakujua. Kanisa nalo limetenga nafasi ya jambo hili katika kalenda yake. Kati ya Ijumaa Kuu na Pasaka kuna Jumamosi. Katika makanisa mengi madhabahu inakuwa imevuliwa vitambaa vyake, hakuna nderemo. Yesu yuko kaburini na wanafunzi hawajui kesho yake. Watu hupenda kuiruka siku hiyo. Wewe kaa ndani yake, usijilazimishe kuimba nyimbo za kesho yake.

Mchungaji wa Kijiji Kidogo

Mzee amenena, sina cha kuongeza hapo. Nirudi kwenye swali lako la uongozi, maana ndilo uliloleta.

Mwambie mchungaji wako. Anza hapo kabla ya kuamua lolote. Nikiwa mchungaji naumia ninapogundua kwamba kiongozi wangu amebeba kitu mwaka mzima huku kila Jumapili ananiambia "Bwana ni mwema" akiwa mlangoni.

Kisha pumzika kuongoza, lakini usipumzike kuhudhuria. Kukabidhi kikundi kwa muda unaojulikana, kwa mtu anayejulikana, ni utaratibu mzuri, si kushindwa. Kaa kwenye viti na wenzako uombewe. Katika Marko 2, watu wanne wanambeba mwenye kupooza, wanafungua dari, wanamshusha. Nakitumia kisa hiki nikijua hali aliyokuwa nayo mama yako na nikijua kwake haikuwa hivyo. Ila tazama Marko anachoandika: Yesu "alipoiona imani yao". Yao, wale waliobeba. Umembeba mtu miaka mingi, ni zamu yako kubebwa.

Nanga

Mchungaji, naheshimu, ila nimeona wengi "wakipumzika kwa muda" na hawakuonekana tena. Mtu aliyezoea kuongoza akikaa kwenye kiti huanza kuona aibu, halafu anachelewa, halafu haji. Kama lazima apumzike, basi abaki na kijukumu chochote. Awe anafungua ukumbi, awe anaandika mahitaji ya watu. Aombe mwingine.

Mchungaji wa Kijiji Kidogo

Hilo nalikubali kabisa.

Mlinzi wa Zamu ya Tatu

Dada, kuhusu kufunga nimemsikia Muuguzi, nafuta. Kula kwanza. Na daftari usilichome wala kulificha. Endelea kuandika humo humo, hata kama ni hasira. Nimekuandika kwenye orodha yangu ya saa tisa usiku.

Binti wa Mwisho (mleta mada)

Wapendwa, nimerudi na mrejesho. Nimezungumza na mchungaji. Alinyamaza kwanza, kisha akaniambia naye alikuwa ameona macho yangu lakini alikuwa anasubiri niseme, na akaomba radhi kwa kusubiri. Tumekubaliana mwenzangu mmoja aongoze hadi baada ya Pasaka. Mimi nitaandika mahitaji, kama Nanga alivyoshauri. Daktari nimemwona, kaniandikia vipimo na kunitaka nirudi.

Nimesoma Zaburi 88 kwa sauti, nikafika mwisho, nikakuta siwezi kusema Amina, nikaiacha bila Amina. Sijui nieleze vipi, ila ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuona kwamba nimesema na mtu. Sijasikia jibu. Kesho nitaisoma tena.

Mgeni Humu

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi ndiyo niko ndani ya kile chumba sasa hivi, ni baba yangu. Nimesoma yote. Dada mleta mada, wewe uliyepita: niendelee kuomba apone, au nijiandae?

Binti wa Mwisho (mleta mada)

Pole kaka. Omba apone. Mimi sijutii hata ukurasa mmoja wa lile daftari. Ila siku ukichoka kuliomba hilo, mwambie Mungu umechoka, usiache kimya kimya. Na usiruhusu sala zako zote ziwe za dawa na usiku mtulivu. Taja na jina lako, umwambie na yako, kwa sababu ipo siku utabaki na Mungu wawili tu, na ni vizuri muwe mnafahamiana.

Lingine: nani anakupokea zamu? Mimi sikumwomba mtu, na waliokuwa tayari kuja walikuwepo. Chagua siku moja ya wiki, mtafute ndugu au mtu wa kanisani akae na baba, wewe ulale. Kama hujui umwombe nani, niandikie tuongee.