Stenmark: ushindi mara 13 kwa msimu mmoja, kombe akakosa. Kulikoni?

Swali
Wakuu, salaam. Napitia rekodi za Ingemar Stenmark, yule Msweden wa mbio za skii. Msimu wa 1978/79 kashinda mara 13, halafu Kombe la Dunia la jumla, lile la pointi za msimu mzima kwa aina zote za mbio, yuko wa 5! Kombe kachukua Mswisi Peter Lüscher. Hesabu gani hiyo?

Jibu la 1
Kanuni za pointi hizo, mkuu. Ushindi mmoja ulikuwa pointi 25, lakini kwenye jumla mchezaji alihesabiwa matokeo yake 3 bora tu kwa kila aina ya mbio. Stenmark alitegemea aina 2, slalomu (kona nyingi za karibu kati ya nguzo) na slalomu kubwa (kona pana zaidi). Matokeo 6 mara 25 ni 150, basi, hawezi kuongeza hata moja. Slalomu kubwa alizishinda zote 10 za msimu ule. 7 kati ya hizo hazikumsaidia kitu. Lüscher aliokota pointi na kwenye mseto, ambako matokeo ya mteremko (mbio za kasi za kushuka mlima) na slalomu yalijumlishwa, akafika 186.

Muuliza swali
Sasa si angeingia tu kwenye mteremko?

Jibu la 2
Ule ni mchezo mwingine kabisa: kona chache, mwendo unapita kilomita 100 kwa saa. Ufundi wake ulikuwa kona. Alianza kuigeuza skii mapema, kabla ya kuifikia nguzo, akaiegemeza kwenye ukingo wake wa chuma ili ikate theluji badala ya kuburuzika. Skii ikiburuzika, mwendo unakufa. Septemba 1979 alijaribu mazoezi ya mteremko huko Val Senales, Italia, akaanguka vibaya na kupata mtikisiko wa ubongo. Miezi 5 baadaye akabeba dhahabu 2 kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, na zote mbili hakuwa akiongoza baada ya mkimbio wa kwanza kati ya miwili.

Jibu la 3
Nyongeza: 1981 aliushuka mteremko wa Kitzbühel, Austria, kwa ajili ya pointi za mseto. Alifika zaidi ya sekunde 10 nyuma ya mshindi, na msimu ule Mmarekani Phil Mahre akamzidi kwenye Kombe la jumla kwa pointi 266 dhidi ya 260. Malalamiko hakuwa nayo. Mtu wa maneno machache mno, waandishi wa habari walipata tabu naye. Ushindi wake 86 wa Kombe la Dunia ni slalomu kubwa 46 na slalomu 40, mteremko sifuri. Mmarekani Mikaela Shiffrin aliipita idadi hiyo Machi 2023, tena Åre, Sweden, nchini kwao Stenmark.