Reli ya Bububu, Unguja: ilikuwapo kweli?

Mkazi wa Majengo, Moshi
Wiki iliyopita nilikwenda Unguja kwenye harusi ya binamu yangu. Tukiwa ndani ya daladala ya Bububu, mwenyeji wetu alisema kuwa zamani treni ilipita njia hiyo, na kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wake. Nimekulia karibu na stesheni ya Moshi, ambako reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, lakini habari ya treni Unguja sijapata kuisikia. Je, ni ya kweli?

Mstaafu wa Reli, Arusha
Ni kweli, mwanangu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, kuanzia mwaka 1905. Ilianzia ufukweni karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaa myembamba ambamo kengele ililazimika kupigwa ili watu wapishe, kisha ikaelekea kaskazini hadi Bububu, mwendo wa kilomita 11 hivi. Serikali iliinunua mwaka 1911. Magari yalipoenea, abiria wakapungua, na safari zao zikasitishwa mwaka 1922. Ikabaki kubeba mawe ya ujenzi wa bandari kwa miaka michache, halafu basi.

Reli fupi namna ile haiwezi kushindana na gari linalomshusha mtu mlangoni pake. Hii yetu ilikuwa na mkonge na kahawa ya kupeleka bandari ya Tanga, ndiyo maana hata baada ya kulala miaka mingi, nyasi zikiota katikati ya mataruma, treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka uliofuata.

Mwalimu wa Historia, Moshi
Shikamoo, Mzee. Naomba kuongeza mawili. Kwanza, hiyo haikuwa reli ya kwanza Unguja: Sultani Barghash, aliyefariki mwaka 1888, alikuwa na kijireli chake kutoka mjini hadi kasri la Chukwani, ambacho mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kabla ya kuletwa kichwa cha mvuke kutoka Uingereza. Pili, hadithi ya mlio ni tamu lakini haisimami, kwa kuwa Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, anaitaja Bububu, alikowahi kuishi, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya treni hiyo.

Mkazi wa Majengo, Moshi
Shukrani nyingi ziwafikie wote wawili. Mwenyeji wangu nitampigia simu jioni hii, ingawa najua hatakubali kuhusu jina.