Naomba ushauri: siku ya mechi Nyayo gari niliache wapi?

Wenzangu wa Malindi, salamu. Jumapili nampeleka baba Nairobi, uwanja wa Nyayo. Ana miaka 71, goti lamsumbua, na uwanja mkubwa hajawahi kuingia. Jezi ya Gor Mahia keshaipiga pasi, imetundikwa mlangoni tangu juzi.

Safari iliyopita niliegesha kando ya Barabara ya Lang'ata. Kijana akachukua mia tatu, ati atalilinda. Kutoka, nakuta gurudumu limefungwa chuma, kijana hayupo. Nikiwa na mzee siwezi kulipitia hilo tena.

Mliowahi kwenda, nielekezeni pa kulipia penye mlinzi, ambapo mzee hatatembea sana. Au niliache Nairobi West kisha tuchukue teksi hadi getini? Tufike saa ngapi kabla njia hazijafungwa?