Mama anavuja mkojo: tuanzie wapi tukiwa zahanati?

Tabibu wa Zahanati
Habari za kazi, wenzangu. Juzi mama wa miaka 52, anayehudhuria kliniki ya shinikizo la damu, alibaki ameketi nilipomrudishia kadi yake, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwa mwaka mzima amekuwa akivaa kipande cha kanga kilichokunjwa, kwa kuwa kila akikohoa au kuinua ndoo mkojo humtoka. Kipimo cha mkojo hakikuonyesha maambukizi wala sukari. Nimsaidieje kabla ya kufikiria rufaa?

Mkunga Mstaafu
Umefanya vyema kumsikiliza, mwanangu. Wengi huondoka na siri hiyo. Mkojo unaotoka kwa kikohozi, chafya au mzigo huonyesha kuwa misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu kutoka chini, imelegea, ilhali unaokuja kwa haraka ya ghafla, mtu akashindwa kufika chooni, hutokana na kibofu kinachojikaza kabla ya wakati. Lakini ukivuja mfululizo usiku na mchana, hasa baada ya uchungu uliochukua muda mrefu, shuku fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na umpe rufaa mapema. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam, kwa mfano, huitibu bila malipo. Damu kwenye mkojo au miguu kufa ganzi navyo havisubiri.

Mtaalamu wa Fiziotherapia
Kwa huyu mama, anza na mazoezi. Akaze misuli kana kwamba anazuia mkojo na upepo kwa pamoja, bila kubana tumbo wala pumzi, mara 8 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku, kwa miezi 3 isiyopungua. Mwambie mapema kwamba nafuu huchelewa, la sivyo ataacha wiki ya pili. Asipunguze maji kupita kiasi, kwani mkojo mzito huwasha kibofu. Apunguze chai ya rangi na kahawa.

Daktari wa Wilaya
Nakubaliana na wenzangu, ila kikohozi chenyewe kimeanza lini, na anatumia dawa gani ya shinikizo? Enalapril na captopril huwaletea baadhi ya wagonjwa kikohozi kikavu kisichokoma, na kila kikohozi huisukuma misuli hiyo upya.

Tabibu wa Zahanati
Nimefungua daftari la kliniki sasa hivi. Ni enalapril, na ilianza mwaka jana, miezi michache kabla ya kuvuja. Nitamwita kesho, na nitaomba ushauri wako kuhusu kumhamishia losartan, dawa nyingine ya shinikizo, huku akianza mazoezi.