Kwa nini anayeshindwa ndiye anayejiamini zaidi?

Mwalimu wa Hisabati:
Ndugu wanajukwaa, kabla ya kurudisha karatasi za mtihani niliwaomba wanafunzi wangu wa kidato cha pili waandike alama wanazotarajia. Wengi waliopata chini ya 30 walikuwa wameandika 60 na zaidi, ilhali binti aliyeongoza alijipunguzia alama kumi. Nimekuwa nikiwakemea kwa majivuno, na sasa naingiwa na shaka kama nimewatendea haki. Je, ni kiburi, au akili yenyewe humficha mtu upungufu wake?

Msomaji wa Saikolojia:
Mwalimu, heshima kwako. Uliloliona lilipimwa na Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1999 kuhusu mantiki, sarufi na ucheshi. Walioangukia robo ya chini walikuwa, kwa wastani, wamewapita watu 12 tu kati ya 100, lakini wenyewe walidhani wamewapita 62. Watafiti hao walieleza kwamba ujuzi unaomwezesha mtu kupata jibu sahihi ndio huohuo unaomwezesha kutambua jibu lililokosewa, kwa hiyo asiyekuwa nao hupungukiwa mara mbili: hukosea, na kosa halioni. Kwa maoni yangu, karipio haliwezi kuziba pengo la namna hiyo. Walipofundishwa mantiki kwa muda mfupi, washiriki wa robo ya chini walishusha makadirio yao wenyewe.

Mpenda Takwimu:
Naomba tahadhari moja. Aliye mkiani hana nafasi ya kujikadiria chini zaidi, hivyo akikosea makadirio lazima ajipandishe, na aliye kileleni lazima ajishushe. Sehemu ya pengo hilo ni matokeo ya hesabu tu. Tena kujipandisha hakuwahusu wanyonge wa darasa peke yao. Ola Svenson alionyesha mwaka 1981 kwamba asilimia 93 ya Wamarekani aliowauliza, na asilimia 69 ya Waswidi, walijiweka katika nusu ya juu kwa ustadi wa kuendesha gari.

Mwalimu wa Hisabati:
Nawashukuru nyote. Wiki ijayo nitawapa karatasi isiyo na jina pamoja na mwongozo wa kusahihishia, waisahihishe hatua kwa hatua, ndipo warudie kukadiria alama zao. Wale niliowakemea nitazungumza nao kesho.