AutoCAD, Revit, ArchiCAD au SolidWorks: nianze na programu ipi nipate kazi ya kuchora?

mchora_mpya
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza diploma ya ujenzi, chuoni AutoCAD tuligusa kwa foleni tu, kompyuta moja watu watatu. Nataka kazi ya kuchora kabisa maana saiti siiwezi. Kila ninayemuuliza ananitajia ya kwake. Laptop ni RAM 8, ada ninayo ya kozi moja tu.

Fundi Rula
AutoCAD, usizunguke. Ipo tangu 1982 na DWG, faili lake la michoro, ndilo watu wanatumiana, surveya anakuletea kiwanja kwa DWG, injinia anataka DWG, wa umeme hivyo hivyo. Hata ukihamia kwingine bado utaletewa DWG. Na 2D, michoro bapa, kwa RAM 8 inakwenda bila shida.

dada_wa_plani
Fundi Rula shikamoo, ila hapo unaongelea kupiga mistari. Mteja anasema dirisha la jikoni lisogee sentimita 60. Kwenye AutoCAD unasogeza kwenye plani, unaenda eleveshen (nyumba inavyoonekana kwa nje), unaenda sekshen (nyumba ikiwa kama imekatwa wima), unarudi kwenye jedwali la madirisha, ukiruka moja fundi anakupigia simu akiwa juu ya jukwaa. Revit nyumba nzima ni modeli moja ya 3D, unasogeza mara moja kote kunafuata. Ubaya wake RAM 8 utateseka, tafuta 16. Na faili likishaseviwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani haliwezi kulifungua tena, kwa hiyo uliza ofisi wako toleo la mwaka gani kabla hujagusa kazi yao.

Jaba_Nai
Mimi niko Nairobi, ofisi za maarkitekti nilizopitia zilikuwa ArchiCAD tupu, nayo ni ya modeli kama Revit. Revit nilikutana nayo kwa projekti kubwa zenye makonsaltanti wengi. Kwa nyumba za watu ArchiCAD iko poa sana, lakini angalia kwanza ofisi za huko kwenu zinatumia nini bana.

Mzee Karakana
SolidWorks msimchanganye nayo kijana, hiyo ni ya mashine na vyuma. Unakunja bati kwenye skrini, inakupa bati likiwa limenyooka na vipimo vyake, unapeleka likakatwe. Tamu sana, ila kwa diploma ya ujenzi iache kwanza.

Fundi Rula
Marahaba binti. Revit sikatai, lakini vijana wanaokuja ofisini na vyeti vyake hata leya (tabaka za kutenganisha vitu kwenye mchoro) hawajui, kila kitu kiko leya 0. Mwingine kipimo kikigoma anafuta namba anaandika yake kwa mkono. Ukuta umechorwa milimita 2850, maandishi yanasoma 3000, fundi anasoma maandishi, kabati la jikoni likija haliingii. Huyo umpe programu yoyote ni hasara tu.

dada_wa_plani
Hapo tuko pamoja 😂 na wa Revit wanaofanya hivyo nao wapo, wanachora mistari ya 2D juu ya modeli.

mchora_mpya
Asanteni. Sasa leseni? Ile ya bure ya wanafunzi bado naipata?

dada_wa_plani
Ya wanafunzi ni mwaka mmoja unahuisha ukiwa bado chuo, we umeshamaliza. Leseni za kununua mara moja zikawa zako Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, waliacha kuuza 2016, sasa ni kulipia kwa mwezi au mwaka. Ukibanwa kuna AutoCAD LT, bei nafuu ila haina 3D, au LibreCAD ya bure kabisa, hiyo unasevu DXF, faili ambalo AutoCAD nayo inafungua. Kraki, yaani programu ya wizi, mimi simo, ofisi nyingine wanakagua.

Fundi Rula
Chukua AutoCAD, chora seti moja ya nyumba ya vyumba vitatu: plani, paa, eleveshen zote nne, sekshen mbili ya kwanza ikipita chooni, toa PDF ya A3. Ukienda kuomba kazi nenda na hiyo. Na usimuahidi mteja kibali, muhuri ni wa arkitekti aliyesajiliwa AQRB, bodi ya usajili ya Tanzania, sio wako.

mchora_mpya
Kwa nini sekshen ipite chooni mkuu?

Fundi Rula
Kwa sababu sakafu ya pale inashuka, na ndipo wengi wanapodanganya.